Usiniombe dawa ya kuongeza kinga

Hii ni ile hotuba niliyoitoa Jumamosi pale Rau, Moshi. Wengi mlikwama na mvua, wengine mlikuwa msibani Kibosho, alafu mkanijaza meseji mnaitaka. Nimeiandika kama nilivyoongea. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, bila mtu wa kuzielezea hazisemi kitu.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama na kina baba, habari za mchana. Na nyie vijana kule nyuma mnaogombania soketi ya kuchajia simu, mambo zenu.

Juzi nashuka kwenye haisi pale stendi, nakuta kijana ana spika na meza imejaa chupa, anatangaza inaongeza kinga, inaongeza kinga, inaongeza kinga, chupa moja elfu kumi na tano, na watu wananunua kweli. Nikasogea nikamuuliza, mdogo wangu, kinga ya nini? Akaniangalia kama nimemuuliza maji ni ya nini. "Dada, kinga tu. Kinga ya mwili."

Sasa mimi ni mtu wa maabara, mwaka wa kumi na saba huu nashinda na damu za watu na kazi yangu ni kuisoma hiyohiyo kinga. Na swali ninaloulizwa kuliko yote, kanisani, kwenye vikoba, msibani, mpaka kwa fundi nguo, ni hilo hilo, dada nitajie dawa ya kuongeza kinga. Huwa sijibu, nacheka tu nabadilisha mada. Leo nataka niwaambie kwa nini sijibu.

Hivi neno kinga lenyewe mnalijua? Achana na kitabu cha baiolojia, nasema Kiswahili hiki cha nyumbani. Kuna kinga ya kujikinga, ile tunayoijua wote. Na kuna kinga nyingine ya bibi zetu, kipande cha kuni kinachowaka, ndiyo wakasema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mimi nikisikia methali hiyo huwa nafikiria kazi yangu, maana ile ya mwilini ni vyote viwili kwa pamoja, ngao na moto. Sasa niambieni, nani hapa akisikia nyumbani kwake kuna moto anasema uongezwe, bila kuuliza unawaka jikoni au unawaka darini?

Tuanze na mwiba. Nani hajawahi kuchomwa na mwiba? Mimi nimekulia kihambani, nikitumwa majani ya ng'ombe sirudi bila mwiba. Asubuhi umeingia kidoleni unapuuza, jioni kidole kimevimba, kina joto, kinapwita mpaka usingizi hauji, kesho yake usaha. Tunasema mwiba umenivimbisha. Hapana jamani. Mwiba umeingia tu ukakaa. Uvimbe umeuleta wewe, joto umelileta wewe, maumivu umeyaleta wewe, na ule usaha mnaouonea kinyaa, sehemu kubwa ni maiti za seli zako nyeupe zilizofia kazini.

Aliyelipatia hili jambo alitumia mwiba kweli. Mwaka 1882, bwana mmoja kutoka dola ya Urusi, Ilya Metchnikoff, alikuwa anakaa Messina, kule Sicily. Familia imeenda kuangalia sarakasi, yeye kabaki nyumbani na hadubini yake, anaangalia watoto wa kiti cha pweza, vile viumbe vidogo vinavyopitisha mwanga kama kioo, unaona mpaka ndani. Akapata wazo, akatoka bustanini akachuma miba ya waridi akavichoma. Usiku huo hakulala vizuri, na alfajiri anaangalia anakuta seli zimetembea zenyewe zimekuja kuuzunguka ule mwiba kama watu wanavyozunguka ajali ya bodaboda, tofauti ni kwamba hizi zilikuja kufanya kazi. Mwaka 1908 akapewa Nobeli, pamoja na Paul Ehrlich.

Na mnajua hilo jeshi ni dogo kiasi gani? Nikichukua damu yako kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau nikaiweka kwenye mashine ikazungushwa kwa kasi, inajitenga. Chini kunakuwa kwekundu kumeshikamana, juu kunakuwa na majimaji ya manjano, na hapo katikati ukiinua kichupa kwenye mwanga unaona utando mweupe mwembamba, kama ule wa juu ya maziwa yaliyochemka yakapoa. Basi. Mwanafunzi mgeni akitetemeka kidogo tu mkono utando umepotea na kazi ya asubuhi nzima imeharibika, na mimi nimewahi kutetemeka hivyo. Huo utando haufiki hata 1 kwa 100 ya damu yako, na humo ndimo kuna karibu kila kitu nitakachokisema leo.

Haya. Kuna watu ambao kinga yao imepungua kweli, siwezi kukataa. Tena Kiswahili kimelisema vizuri kuliko lugha nyingi, Ukimwi, upungufu wa kinga mwilini, jina lenyewe ni somo. Wagonjwa wa kwanza hapa nchini waligundulika Kagera mwaka 1983, na mwaka huohuo kule Ufaransa ndipo kirusi chenyewe kilipopatikana. Kirusi kinaingia kwenye seli tunazoziita CD4, ambazo kazi yake ni kama makamanda, zenyewe haziui sana ila ndizo zinazoamuru. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kuanzia 500 kwenda juu kwenye tone dogo sana la damu, zikishuka chini ya 200 yanaingia magonjwa ambayo mimi na wewe tunaishi nayo kila siku bila habari.

Kwa hiyo mtasema, si unaona dada, hapo si tuongeze? Ngoja.

Nikiwa bado mwanafunzi kulikuwa na mgonjwa wodini, baba wa makamo, CD4 arobaini na kitu. Akaanzishiwa dawa. Wiki ya kwanza vizuri, ya pili anakula, ya tatu shingo ikavimba mitoki mikubwa kama limao, homa usiku na mchana, anatweta. Ndugu wakaja juu, dawa zenu zinamuua, tunamtoa tumpeleke kwa mtaalamu. Na mimi kusema ukweli nilikuwa upande wa ndugu. Nikapima damu yake mwenyewe kwa mikono yangu, kirusi kimeshuka sana, CD4 zimepanda. Kila namba kwenye karatasi ni nzuri, na mtu anakufa mbele yetu.

Kilichotokea ni nini? Yule baba alikuwa na TB siku nyingi, ila kinga yake ilikuwa imelala, TB inakula taratibu bila mtu kupiga kelele. Dawa zilipowarudisha makamanda wakafungua macho wakakuta adui kajaa mpaka sebuleni, wakapiga bila kupima. Moto ule ndio uliokuwa unamuua. Unajua madaktari walifanyaje? Waliendelea na dawa za kirusi, wakampa za TB, alafu wakampa na dawa ya kupunguza kinga. Ndiyo, mgonjwa wa Ukimwi, akapewa dawa ya kupunguza kinga, kwa muda na kwa kipimo. Akapona akarudi shambani kwake. Na nisisikie mtu hapa anatoka anasema nimesema ARV zinaua, sijasema hivyo, ningekuwa mimi ningezimeza siku hiyohiyo ya kupima.

Siku ile ndipo nilipoacha kuwaza kinga kama mafuta ya gari kwamba kuna imejaa na imeisha.

Jambo lingine ambalo yule kijana wa stendi hakuliambiwa, hakuna kinga tu. Kinga inajua adui mmoja mmoja, kwa sura. Kaka yangu kazaliwa Kibosho juu huku ambako baridi haimpi mbu nafasi, akapata kazi Geita. Mwezi wa pili tu kalazwa, malaria imepanda kichwani, anaongea vitu havieleweki, huku wenyeji anaofanya nao kazi wakiumwa wanakunywa mseto siku tatu na maisha yanaendelea. Mlima umemlea vizuri, ndizi na maziwa na hewa safi, mwili kama wa mcheza mpira, lakini malaria mwili wake haujawahi kukutana nayo. Kinga ya malaria inajengwa kwa kuumwa tangu utotoni, na watoto wengi wanakufa kabla haijajengwa, na ukihama ukakaa miaka mbali nayo inafifia. Kwa hiyo hata wewe uliyezaliwa Muheza ukakaa hapa miaka kumi, usijidai ukienda likizo ukaacha neti.

Mwaka 1961 kule Gambia watafiti walichukua kingamwili, zile protini za kinga zinazomshika adui, kutoka kwenye damu ya watu wazima waliozoea malaria wakawachoma watoto wagonjwa, na vijidudu kwenye damu ya wale watoto vikashuka. Miaka miwili baadaye wakatoa matokeo ya kuwapa kingamwili za Afrika Magharibi watoto wa huku kwetu Afrika Mashariki, na zikafanya kazi. Hapo ndipo watu walipojua kumbe chanjo ya malaria inawezekana, ila ilichukua miaka sitini, majaribio mengine yakafanyika hapo Korogwe na Bagamoyo, mpaka Shirika la Afya Duniani likaikubali ya kwanza mwaka 2021.

Na nani anamjua Ali Maow Maalin? Hakuna? Huyu alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, kijana wa miaka 23. Oktoba 1977 likaja gari lina watoto wagonjwa wa ndui, dereva anauliza njia, yeye akapanda akaenda kuwaelekeza, safari fupi tu ya dakika chache. Chanjo alikuwa ameikwepa kwa kuogopa sindano, alikuja kukiri mwenyewe. Akaanza kuumwa, kwanza wakasema malaria, alafu wakasema tetekuwanga, kumbe ndui. Akapona, na yeye ndiye mtu wa mwisho duniani kuipata ndui kwa njia ya kawaida. Mwaka 1980 ikatangazwa imeisha. Baadaye akawa anazunguka na kampeni ya polio anawaambia kina mama msifanye nilivyofanya mimi. Mwaka 2013, akiwa kwenye kazi hiyohiyo, akafariki. Kwa nini? Malaria. Mwili ulioishinda ndui, na ambao ndui isingeupata tena, ukachukuliwa na mbu. Sasa mtu huyu kinga yake ilikuwa kubwa au ndogo?

Mnaona sasa swali lenyewe lilivyo?

Twende kwenye sehemu inayoniuma. Nyuma ya mfupa wa kifua chako kuna kiungo kinaitwa thaimasi. Mpaka mwaka 1961, Jacques Miller alipokifanyia kazi kwa panya kule London, madaktari waliona ni kitu hakina maana. Kumbe ni shule. Seli changa zinaingia pale zinapewa mtihani, unaweza kumtambua adui? Na je, ukiona mwili wako mwenyewe utanyamaza? Ukishindwa unakufa. Katika seli 100 zinazoingia, zaidi ya 95 hazitoki hai. Baraza la mitihani letu mnalolilalamikia halijafika huko.

Lakini hata shule kali ina wanaopenya. Kwa ajili ya hao mwili una seli nyingine zinazozunguka kutuliza wengine, mimi huwa naziita mabalozi wa nyumba kumi. Nobeli ya mwaka 2025 ilikwenda kwa watu waliozigundua, Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi, Mjapani aliyezing'ang'ania wakati wenzake wengi wamekata tamaa nazo. Balozi akilala, mtaa unapigana wenyewe. Kongosho likipigwa mtoto anapata kisukari cha sindano, viungo vikipigwa ni baridi yabisi, na kuna lupasi ambayo inapiga popote, wengi wanaoipata ni wadada.

Binamu yangu alikuwa na miaka kumi na moja. Akaumwa mafindofindo, koo limewaka, mate hayapiti. Akanunuliwa pipi za koo dukani kwa Mangi. Haikupona haraka, bibi mmoja akasema ni kimeo, akapelekwa akakatwa kimeo, mnajua mambo haya, tusijifanye hatuyajui. Na nisimame hapo hapo niseme, kimeo hakina kosa lolote, unachopata kwa kukikata ni kidonda, damu na hatari ya pepopunda. Koo likapoa lenyewe, watu wakamshukuru yule mkataji. Wiki tatu baadaye goti likavimba, likapoa, likahamia kifundo cha mguu, likahamia kiwiko. Tukasema anakua. Mwaka uliofuata kile kipandio cha kutoka barabarani mpaka nyumbani, ambacho alikuwa anakikimbia, akawa anakaa chini mara mbili anatafuta pumzi.

Ilikuwa moyo. Kuna bakteria anaumiza koo la watoto ambaye ganda lake lina protini inayofanana na protini za moyo. Mwili wa binamu yangu ukatengeneza silaha dhidi ya bakteria, silaha nzuri tu, ikamuua bakteria, ikaendelea mbele ikakuta milango ya moyo ina sura ileile. Bakteria alishakufa zamani! Kilichokuwa kinamla moyo ni kinga yake, kinga kali, kinga ya mtoto aliyelishwa vizuri. Na dozi ya penisilini wiki ile ya kwanza ya koo ingezuia yote haya. Sasa hivi anachomwa sindano kila baada ya wiki nne, miaka na miaka, ili yule bakteria asirudi kuichokoza. Mama, mtoto akiumwa koo ana homa na hana mafua wala kikohozi, mpeleke akaangaliwe. Usingoje.

Najua mnasubiri niseme habari ya korona. Mwaka 2020 tulijifukiza wote hapa, msinifiche, malimao na tangawizi na mwarobaini, blanketi mpaka kichwani. Wakati sisi tunatafuta cha kuongeza kinga, Waingereza wakafanya jaribio kubwa hospitalini, na Juni mwaka huohuo wakatoa majibu. Dawa iliyopunguza vifo ilikuwa deksamethasoni. Ndiyo, deksa, ile mnayoijua, vidonge vidogo vya bei ya karanga. Na deksa inafanya nini? Inapunguza kinga. Waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilipungua kwa theluthi. Waliokuwa na korona nyepesi wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia kitu. Kwa nini? Kwa sababu yule wa kwenye mashine kirusi kilikuwa kimeshafanya chake, mapafu yalikuwa yanaunguzwa na moto wake mwenyewe, na huyu mwingine moto wake ulikuwa bado unapika.

Alafu mtu anaichukua deksa hiyohiyo anameza ili anenepe mashavu apendeze kwenye sendofu. Dada zangu, nimeona damu zenu. Sukari imepanda, na TB iliyokuwa imelala inaamka. Siwatukani, naomba tu.

Upande mwingine kuna saratani, hii nitapita haraka maana mnachoka. Seli za kinga zina breki, na saratani nyingine huzikanyagia breki hizo. Dawa mpya zinaachia breki. Rais mstaafu wa Marekani, Jimmy Carter, mwaka 2015 alikuwa na saratani ya ngozi imefika kwenye ubongo, ana miaka 90, akatibiwa kwa upasuaji, mionzi na dawa ya aina hiyo, akaishi mpaka Desemba 2024, miaka 100. Lakini ukiachia breki gari halichagui, wapo wanaopona saratani wakabaki na utumbo au tezi ya shingo iliyopigwa na kinga yao wenyewe. Hii ndiyo dawa pekee ninayoweza kusema inaongeza kinga kweli, na inatolewa na daktari aliyekaa macho.

Maswali.

Mama mmoja aliuliza sasa tule nini. Nikamwambia mama, kula mnavyokula, maharage, mboga, ndizi, mayai, lala usingizi, mtoto apate chanjo zote kwenye kadi, wewe upimwe sukari. Akaonekana amekata tamaa kidogo, alitegemea jina la mmea.

Alafu akasimama mzee mmoja mstari wa pili, mwenye koti, akaingiza mkono mfukoni taratibu akatoa chupa. Ileile ya stendi. Akasema, "Mwanangu, mimi nilishanunua. Niifanyeje?" Nikaomba niisome. Tangawizi, kitunguu saumu, asali, basi, wameandika huongeza kinga mara saba, ya nane sijui iliwashinda. Nikamwambia mzee wangu, hivi ni vitu vya chai, ila kabla sijakujibu niambie, kuna dawa nyingine unatumia?

Akasema zipo, za viungo, baridi yabisi, ana miaka sita nazo. Vidonge vya manjano, anameza siku moja tu kwa wiki, Jumapili, na vingine vya kusindikiza.

Nikamuuliza, baba, daktari alikuambia hivyo vya Jumapili vinafanya kazi gani?

Akafikiri. Akaiangalia ile chupa, akaangalia vidole vyake, akaniangalia mimi. "Alisema vinapunguza kinga."

Ukumbi ukanyamaza kabisa, alafu yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka.